Picha ya Jengo Isiseme Uongo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali, msanifu majengo katika halmashauri. Nataka kuzungumza juu ya picha za majengo zinazotengenezwa kwa kompyuta, yaani zile zinazoonyesha jengo kana kwamba limekwisha simama, kumbe hata msingi haujachimbwa.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza picha ya soko jipya. Nilikesha siku tatu. Sakafu niliing'arisha hata nguzo zikaonekana ndani yake kama katika kioo. Nilijiambia: kizuri chajiuza. Katika mkutano wa hadhara watu walipiga makofi, kisha mama mmoja muuza samaki akasimama, akauliza: "Mwanangu, hapo nikimwaga maji ya samaki, nitasimamaje?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana michoro yangu mwenyewe ilisema sakafu itakuwa ya saruji iliyopigwa brashi ili watu wasiteleze. Picha ilikuwa imewaahidi wananchi kitu ambacho hakikuwamo katika makadirio.

Nilirudi ofisini nikaanza upya, na hapo ndipo nilipokumbuka mambo niliyoyaona katika shule hii.

Mnaikumbuka sakafu nyekundu ya bweni, tuliyoisugua kwa nta kila Jumamosi? Ukisimama na kutazama miguuni pako, uliona wekundu wake. Ukilala kitandani na kutazama mpaka mwisho wa bweni, uliona weupe wa dirisha tu. Sakafu ni ileile. Kilichobadilika ni pembe ya jicho. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alilieleza jambo hili kwa hesabu katika miaka ya 1820. Uso wa kioo cha dirisha ukitazamwa moja kwa moja hurudisha kiasi cha asilimia 4 tu ya mwanga, na uso wa maji asilimia 2. Lakini ukiutazama kwa kulaza jicho, kiasi hicho hupanda hata kukaribia asilimia 100. Programu nzuri, kama Blender ambayo hupatikana bure, huifanya hesabu hiyo yenyewe. Kazi ya mchoraji ni kuiambia ukweli juu ya kila kitu.

Kwanza, aiambie kama kitu ni metali au si metali. Shaba hurudisha mwanga wenye rangi ya shaba. Plastiki nyekundu humeta kwa weupe wa taa yenyewe. Pili, ulaini. Uso laini huurudisha mwale kwa pembe ileile uliyojia, na taswira yake huwa kali. Saruji ina vinundu vingi vidogo. Kila kimoja huutupa mwale upande wake, mng'ao ukatawanyika. Wala ulaini haulingani kila mahali: mlangoni sakafu husuguliwa na nyayo, pembeni hubaki na vumbi. Tatu, weupe. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga. Anayeandika 100 atapata jengo linalowaka kama taa. Nne, kioo hakina sura yake. Dirisha lisilo na mti wala mawingu mbele yake huonekana kama ubao wa kijivu. Tano, jua liwekwe mahali pake. Kwetu kusini ya Ikweta, mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Anayeiga picha za Ulaya huliweka kusini.

Picha yangu ya pili haikuwa na fahari. Saruji ilikuwa ya kijivu, imefifia, na mbele ya meza za samaki niliweka maji yaliyomwagika, yakiakisi mabati ya paa. Nilipoipeleka mkutanoni, hakuna aliyepiga makofi. Watu waliisogelea, wakaitazama. Mama yule akayanyooshea kidole yale maji: "Na haya yatapita wapi?"

Tulipofungua michoro, mfereji haukuwapo mbele ya meza zile. Niliyeusahau ni mimi. Uliongezwa kabla ya zabuni kutangazwa.

Wadogo zangu, somo la mwanga mnalofundishwa hapa si la mtihani tu. Mvua ikinyesha, litazameni dimbwi lililo miguuni penu, mtaona tope. Litazameni lililo mbali, mtaona mbingu. Atakayeyashika hayo ataweza kumwonyesha mwananchi jengo lake kabla halijajengwa, na mwananchi naye ataweza kulikosoa wakati kosa bado li katika karatasi.