Karatasi ya Tano

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunayachapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)





Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya uchaguzi wa madiwani wa miji yetu. Najua wako watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo. Mgombea wa Urais anapohutubia, watu hujaa hadi juu ya miti. Mgombea wa udiwani anapohutubia, huhudhuria jamaa zake na watoto waliokuwa wakipita njia. Nimekuja kukwambieni kuwa tabia hiyo ina khasara kubwa, na khasara yenyewe hulipwa na mnyonge.

Mpiga kura wa Zanzibar, siku ya uchaguzi mkuu, hupewa karatasi 5. Moja ni ya Rais wa Muungano, moja ya Mbunge, moja ya Rais wa Zanzibar, moja ya Mwakilishi, na moja ya Diwani. Nne za mwanzo mtu huzifikiri miezi mingi na kuzigombania barazani mpaka kahawa ikapoa. Ya tano huitia alama kwa haraka, kwa kufuata rangi, pengine bila ya kumjua mtu aliyemtilia alama hiyo.

Basi na tuulize: karatasi hii ya tano inatawala nini? Inatawala marikiti na ushuru wake. Inatawala jaa lililojaa mpaka likamwagikia njiani. Inatawala mtaro ulioziba, ambao masika yanapoingia huyarejesha maji ndani ya nyumba za watu. Inatawala leseni ya mwenye kigenge. Rais hamjui mama anayeuza muhogo Chake Chake, Wete au Mkoani. Lakini Baraza la Mji linamjua, kwa sababu linamtoza.

Natoa mfano wa hisabu tu. Tuchukue soko lenye meza 100, na kila meza ilipe shilingi 500 kwa siku. Hizo ni shilingi 50,000 kwa siku moja. Na kwa siku 300 za biashara, ni shilingi milioni 15. Fedha hizo zimetoka katika mikono ya watu masikini, sarafu kwa sarafu. Nani atasimama ndani ya Baraza aulize zilikusanywa ngapi, zikaandikwa wapi, na kwa nini paa la soko bado linavuja? Diwani ndiye aliyepewa kazi hiyo. Mkimpeleka mtu asiyejua kuuliza, au mwenye kuona haya kuuliza kwa kuwa mkusanyaji ni shemeji yake, basi mtakuwa mmeitupa karatasi ya tano baharini.

Ndugu zangu, wako wanaosema: kura yangu moja itafaa nini? Jawabu ya suala hilo imo katika tarikhi ya kisiwa hiki hiki cha Pemba. Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Si kura mia wala kumi, ni moja! Afro-Shirazi ikalipata, na kwa hilo ikafikisha viti 10, Hizbu ikawa na 9, na chama cha Watu wa Unguja na Pemba kikawa na 3. Watatu hao wakagawika: wawili wakaenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi. Pande mbili zikawa 11 kwa 11, serikali isiundike, na nchi ikarudi tena kwenye uchaguzi mwezi wa Juni mwaka ule ule. Katika machafuko ya Juni 1961 watu 68 waliuawa.

Sisemi kuwa kura moja iliua watu. Watu waliuliwa na chuki iliyokuwa ikipandwa kwa miaka kadha kabla ya siku ile: watu kususiana maduka, kususiana mabasi, kususiana harusi, mpaka kususiana maziko. Ninalolisema ni hili: katika nchi ndogo kura moja ni nzito, na jirani mmoja ni mzito zaidi. Udiwani hugombaniwa baina ya watu wanaochota maji katika bomba moja na kuzikana katika kaburini mamoja. Mshindeni mpinzani kwa hoja na kwa hisabu ya soko. Msimshinde kwa kumtukania mamaye, kwani usiku mtoto wako atakapougua, huenda yeye ndiye mwenye gari.

Sasa niingie katika jambo ambalo ni zito kuliko yote. Diwani tunamchagua, Sheha hatumchagui. Kwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998, Sheha aliwekwa awe mtu wa kuteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Na Sheha huyo ndiye aliyesimama mlangoni: bila ya yeye kumkubali mtu kuwa ni mkaazi, kitambulisho hakipatikani, na bila ya kitambulisho, jina halikuingia katika daftari la wapiga kura. Mnakumbuka mwaka 2009, ugomvi wa vitambulisho ulivyosimamisha uandikishaji huku Pemba kwa muda. Mtu kazaliwa hapa, kazikia wazee wake hapa, naye anaulizwa yeye ni nani! Kwa hiyo anayengoja siku ya kura ndipo aanze kutafuta haki yake, amechelewa. Haki hiyo hupotea au hupatikana miezi mingi kabla, mbele ya meza ya Sheha.

Na hata kura ikipigwa, ulinzi wake haujesha. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura zao tano katika vituo vile vile, siku ile ile. Tarehe 28, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Karatasi mbili za Muungano zikabaki halali. Tatu za Zanzibar zikawa si kitu, na ile ya diwani ikiwa miongoni mwao. Uchaguzi ukarejewa tarehe 20 Machi 2016, na upinzani mkubwa ukaususia. Mkono mmoja, wino mmoja, saa moja: vipi nusu ya kazi yake iwe halali na nusu iwe haramu? Suala hilo tutaendelea kuliuliza, kwa sauti ya utulivu, mpaka lipate jawabu.

Lakini malalamiko peke yake hayaondoi taka njiani. Nakuombeni mambo matatu.

La kwanza, kila tawi liwe na orodha ya watu wake, nyumba kwa nyumba: nani ana kitambulisho, nani hana, nani kijana aliyefika miaka 18. Asiyenacho asiachiwe aende peke yake; afuatane na wazee wawili wanaomjua.

La pili, tusimteue mgombea udiwani kwa ukoo wake, wala kwa kugawa sukari na kanga, wala kwa kuwa sauti yake ni kubwa. Tumteue anayejua kusoma hisabu, asiyeogopa kuuliza, na ambaye mlango wake hugongwa bila ya woga.

La tatu, tukishamchagua tusimwache. Kila baada ya Baraza kukutana, aje hapa, akae juu ya mkeka huu, atwambie alisema nini na alijibiwa nini. Asiyekuja kutoa khabari zake, tumwendee. Anayetaka tuidai Serikali hisabu, naye awe wa mwanzo kutoa ya kwake.

Mabibi na mabwana, asiyeweza kulinda meza moja ya soko, nani atamwamini kulinda nchi? Tuanze na mtaro, tuanze na jaa, tuanze na stakabadhi ya shilingi 500. Tuanze na karatasi ya tano.

Wabillahi taufiq.