Kidole cha Mzee ni Saini: Maelezo kwa Wazee wa Naitiri Kuhusu Matapeli wa Bima ya Afya



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi yake. Mabadiliko huleta maswali, na matapeli wanalijua hilo. Hubisha hodi mchana, vijana wakiwa shambani, wakisema wametumwa na serikali.

Kwanza, kujiandikisha SHA ni bure. Anayeitisha mia mbili "za fomu" ni mwizi. Unaweza kujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au ufike Huduma Centre mjini Bungoma. Mchango ni jambo lingine. Familia isiyo na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango hicho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Pesa hizo huenda kwa SHA yenyewe. Haziwekwi mkononi mwa mtu wala kutumwa kwa namba yake ya simu.

Pili, jihadharini na "matibabu ya bure" yanayokuja na gari. Mwezi Juni 2023, taarifa ya uchunguzi ya runinga ya NTV ilieleza jinsi wazee wa vijijini walivyobebwa hadi hospitali za mbali kwa ahadi ya kutibiwa magoti bure. Baadhi yao walipasuliwa, kisha NHIF ikaletewa bili. Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa, na Bunge likachunguza.

Ujanja huo hufanyika hivi: bima haimwoni mgonjwa. Huona jina, namba ya kitambulisho, alama ya kidole, au namba ya siri iliyotumwa kwa simu. Ukivitoa, umetia saini kwamba umetibiwa, hata kama ulipewa panadol mbili tu. Siku utakapougua kweli, huenda ukaambiwa kiwango cha familia kimekwisha. Kwa hivyo, kabla ya kuweka kidole, uliza: Ninatibiwa nini? Bili ni ya nini? Kama ni upasuaji, rudi nyumbani kwanza ushauriane na watoto na daktari mwingine.

Tatu, kuna wauzaji wa mashine za presha na mikanda ya mgongo wanaodai kwamba "SHA itakurudishia". Usilipe kwa neno la mchuuzi. Muulize kwanza daktari katika hospitali ya Naitiri. Tena, Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Mhudumu wa kijiji chako hupima bila malipo, na mzee wa kijiji anamjua. Asiyejulikana na mzee wa kijiji wala chifu asipewe kiti.

Vijana mnaowashikia wazee simu, msisome namba ya siri kwa mtu anayepiga. Ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom utumeni kwa 333, bila malipo.

Mwisho, aliyetapeliwa asinyamaze kwa aibu. Aende kwa chifu au kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Ukinyamaza, kesho tapeli yuko kwa jirani yako.