MAZUNGUMZO JUU YA MNYAA: UA WETU, DAWA YETU, NA SUMU YAKE



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mti ambao hapana mtu katika nchi hii asiyeujua, nao ni mnyaa, ambao wengine huuita mnyara. Yamkini mtu atauliza, "Tuna haja gani ya kufundishwa habari za mnyaa, hali babu zetu waliuotesha kuzunguka kaya zao, na sisi tumezaliwa ndani ya ua huo?" Swali hilo ni la haki. Lakini wengi waujua mnyaa kwa sura tu. Wachache wajua kuuotesha hata ukawa ua imara usio na mapengo, na wachache zaidi wajua kwamba utomvu wake waweza kumharibu mtoto jicho kwa dakika moja. Kwa hiyo twaomba mtusikilize.

HABARI ZA MTI WENYEWE

Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli, jina alilolipa Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Na neno lile la pili latokana na lugha ya watu wa Malabar, katika Bara Hindi. Jirani zetu Wamasai huuita emanyara, nao huuotesha kuzunguka maboma yao. Yasemwa kwamba Ziwa Manyara lilipata jina lake kwa neno hilo. Huko Ulaya na Marekani watu huupanda katika vyungu ili kupamba nyumba, na zaidi ile aina ambayo ncha za matawi yake hugeuka kuwa nyekundu na manjano kama moto. Basi mti tunaoupita kila siku bila kuutazama, wengine huununua dukani kwa fedha.

Tazameni jinsi ulivyo. Majani yake ni madogo mno, nayo hupukutika mapema. Kazi ya majani hufanywa na vijiti vyake vya kijani, ambavyo ni vya mviringo kama penseli. Tena vitundu vyake vya kuvutia hewa hufunguka usiku, wakati wa baridi, na mchana wa jua kali hufungwa, ili maji yasipotee. Hiyo ndiyo sababu mnyaa hubaki kijani mwezi wa Agosti, wakati nyasi zote za mbuga zimekauka na ng'ombe wamekonda. Na ng'ombe hao, hata wakiwa na njaa, hawali mnyaa, kwa kuwa utomvu wake huwachoma kinywa.

KWA NINI TUUPANDE

Wazee wetu wakumbuka, au walihadithiwa na baba zao, jinsi nchi hii ilivyokuwa na miti mingi. Zamani za utawala wa kigeni, hasa katika miaka ya 1920 na 1930, misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, mifugo ikaongezeka, na watu wakaongezeka. Mwaka 1986, wakati Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu waliiita HASHI, na wananchi wakahimizwa kurudia desturi yao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili ipumzike. Kazi hiyo ilisifiwa hata nje ya nchi, ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Sasa fikirini habari za zizi la miiba. Kila mwaka mtu hukata matawi ya migunga, huyaburuta mpaka nyumbani, na mchwa huyala. Mwaka wa pili hukata tena. Hivyo uzio wa mtu mmoja humaliza miti ya kijiji kizima, na ngitili tunayoifunga kwa mkono mmoja twaifungua kwa mkono mwingine. Lakini ua wa mnyaa hupandwa mara moja. Mchwa hawaumalizi, kiangazi hakiuui, nao hupata nguvu kadiri unavyozeeka.

Tena ua huo ni shahidi wa mpaka. Jiwe la mpaka huweza kuhamishwa usiku, lakini ua wa miaka thelathini hauhamishiki. Ugomvi mwingi wa mashamba ungalikwisha kama baba wawili wangalipanda mnyaa pamoja wangali hai, badala ya kuwaachia watoto wao maneno.

JINSI YA KUUOTESHA

Hapana haja ya mbegu. Mnyaa huoteshwa kwa vipande vya matawi, na kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, chagueni mti mama ulio na afya, usio na sehemu zilizooza. Kateni matawi yaliyokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 30 hadi 60. Panga liwe kali, ili jeraha liwe safi. Mkatapo, simameni upande unakotoka upepo, wala msikate tawi lililo juu ya kichwa, kwa sababu utomvu hudondoka.

Pili, msipande siku ile ile. Hapa ndipo wengi hukosea. Laza vipande kivulini kwa siku tatu hadi saba, mpaka jeraha likauke na kufanya ngozi. Kipande kinachopandwa kingali kinatoka utomvu huoza kwa urahisi udongoni, hasa katika udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji.

Tatu, pandeni mwishoni mwa kiangazi, mvua zinapokaribia. Kwetu ni mwezi wa Oktoba au Novemba. Fanyeni shimo kwa mtaimbo, kina cha sentimita 15, tieni kipande, kisha shindilieni udongo kwa mguu. Mahali penye maji yanayotuama, inueni tuta kwanza. Msimwagilie maji mengi. Mnyaa hufa kwa maji upesi kuliko kwa kiu.

Nne, pimeni nafasi. Kwa ua wa kuzuia ng'ombe, sentimita 30 baina ya mche na mche zatosha. Kwa ua wa kuzuia mbuzi, pandeni mistari miwili, na miche ya mstari wa pili ikabili mapengo ya mstari wa kwanza. Walimu wawape wanafunzi hesabu hii: shamba la ekari moja lililo mraba lina upande wa mita 64 hivi, basi mzunguko wake ni mita 256. Ukipanda kila sentimita 30 wahitaji vipande 850 na kitu kwa mstari mmoja. Ongezeni vipande mia moja vya kuziba mahali patakapokufa, kwa maana ua wenye pengo moja ni sawa na ua usiokuwapo.

Tano, linda ua katika mwaka wa kwanza. Mbuzi hawali miche, lakini huikanyaga na kuisukuma. Na ua ukifika kimo cha kifua, kateni ncha zake mara moja kila mwaka kabla ya mvua. Ukiachwa bila kukatwa huwa mrefu, huwa mti, na chini yake hubaki wazi. Ng'ombe hupita kama mlangoni. Samaki mkunje angali mbichi. Na ua nao ni vivyo hivyo.

SUMU YAKE

Sasa twafika kwenye neno kubwa la mazungumzo yetu. Utomvu mweupe wa mnyaa ni sumu. Ukigusa ngozi huwasha, na pengine huleta malengelenge. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, jicho huvimba, na mtu huweza kutoona kwa siku kadhaa. Asipotibiwa vema jicho laweza kuharibika kabisa. Jambo hili likitokea, osheni jicho mara hiyo hiyo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha mpelekeni mgonjwa zahanati siku hiyo hiyo. Msitie maziwa, wala majani, wala dawa yo yote ya nyumbani, na mgonjwa asisugue jicho.

Mtu akataye mnyaa avae nguo ya mikono mirefu, afunike macho akiwa na miwani, na baada ya kazi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso au kumbeba mtoto. Panga nalo lioshwe. Kuni za mnyaa zisichomwe ndani ya jiko lililofungwa, kwa sababu moshi wake huwasha macho na kifua. Msipande karibu na kisima wala bwawa la samaki. Watu wa zamani walitumia utomvu huo kuwalegeza samaki majini, nayo sheria ya leo yakataza kuvua kwa sumu.

Tena liko jambo jingine. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza habari za uvimbe wa saratani uwapatao watoto, hasa katika taya, katika nchi zenye joto na malaria kama hizi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika uvimbe wa namna hiyo uliotoka Uganda. Baadaye wachunguzi waliona katika maabara kwamba utomvu wa mnyaa waweza kukiamsha kirusi hicho kilicholala mwilini. Hatusemi kwamba ua wa nyumbani huleta saratani. Malaria ndiyo inayotajwa kwanza pamoja na kirusi hicho. Lakini twasema kwamba mtoto asichezee vijiti vya mnyaa, asivitafune, wala asipakwe utomvu wake. Na mtoto akiota uvimbe wa taya unaokua upesi, asikawizwe kwa mganga. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana ugonjwa huo ukiwahiwa hutibika.

HABARI ZA DAWA

Twajua kwamba watu wetu hutumia mnyaa kwa dawa: utomvu juu ya chunjua, mizizi iliyochemshwa kwa maradhi ya tumbo, na mengine mengi. Hatuwadharau waganga wetu, kwa kuwa dawa nyingi za hospitali zilitoka katika mimea. Lakini dawa hujulikana kwa kipimo chake, na utomvu wa mnyaa hauna kipimo nyumbani. Tone la mti huu si sawa na tone la mti ule. Kwa hiyo twashauri kwamba mtu ye yote asinywe utomvu, mwenye mimba asitumie sehemu yo yote ya mti huu, na aliye na chunjua aende zahanati.

MANENO YA MWISHO

Wazee wetu, ninyi mnao mkutano wa dagashida, nao umekwisha kutunga kanuni nyingi njema za ngitili. Twaomba mwongeze na hizi. Mtu asikate ua wa jirani bila ruhusa. Ua wa mpaka upandwe mchana, mbele ya wenye mashamba yote mawili na kiongozi wa kitongoji. Mnyaa usipandwe mahali wanapochezea watoto wa shule, bali katika mipaka ya shamba la shule. Na ninyi walimu, wafundisheni watoto kuujua mti huu na kuuogopa kwa akili, kwa maana mtoto aliyekwisha kuambiwa sababu hulinda na wenzake.

Mnyaa ni kama panga kali: humfaa mwenye kulishika mpini. Mvua zijazo zikikaribia, kila kaya ipande walau mita kumi za ua mahali ambapo leo pana miiba. Baada ya miaka michache migunga iliyoachwa bila kukatwa itakuwa imerudi katika ngitili zetu, na wajukuu wetu watapata kivuli cha kuchungia.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaeleza.