Vyombo vya Bure: Kutoa na Kupokea

Sogeeni karibu na redio, na madaftari yawe wazi. Leo hatuna hesabu. Tutaanza na neno moja fupi: BURE. Mwalimu aliandike ubaoni kwa herufi kubwa, nanyi mlisome pamoja naye: bu-re.

Neno hili lina silabi mbili tu, na lina maana mbili ambazo hazipatani. Mkisema, "Jirani amenipa bure," maana yake jirani hakutaka malipo. Mkisema, "Nimefanya kazi bure," huenda maana yake ni kwamba kazi ile haikuleta faida yoyote. Leo tutazungumza habari ya kumpa mtu chombo cha nyumbani bila malipo, na jinsi ya kuangalia kwamba chombo chenyewe kina faida kwake.

Tazameni pembe za nyumba zenu. Uvunguni mwa kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati, kuna vitu. Kuna kitanda cha mtoto, na mtoto mwenyewe sasa amemaliza darasa la saba. Kuna jiko la mkaa la mama ambaye siku hizi anapikia gesi. Kuna kandili iliyotundikwa msumarini tangu siku umeme ulipofika. Kuna sufuria kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi moja, ikapikiwa pilau siku ile, na mpaka leo haijarudi jikoni. Vitu hivi si vibovu. Vimekaa tu, vinafuga mende.

Sasa hesabuni nyumba tatu kutoka kwenu. Huenda hapo yupo kijana aliyeoa mwezi uliopita, ana sufuria moja tu. Akisonga ugali, hana pa kupikia mboga. Au yupo mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, akaacha vyombo vyake vyote huko kwa sababu nauli ya lori ilishinda bei ya vyombo. Watu hawa hawaombi, maana wanaona haya. Ninyi nanyi hamtoi, maana hamjui kama wanahitaji. Basi sufuria inakaa, na kijana anakaa.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika mwezi wa Mei 2003, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, huko Marekani, Deron Beal alianzisha mpango ulioitwa Freecycle. Aliwapelekea rafiki zake ujumbe kwa njia ya kompyuta, akawaeleza kwamba mwenye kitu asichokihitaji akitangaze, na mwenye kukihitaji aje akichukue. Sharti kubwa lilikuwa hili: kila kitu kitolewe bure. Mpango ule ulienea katika miji mingi na nchi nyingi. Sababu yake ilikuwa kwamba watu walikuwa wakitupa vitu vizima jaani, na vitu hivyo vilikuwa vikifukiwa jangwani pamoja na takataka. Kwetu shida ni nyingine. Kwetu kitu kizima mara nyingi hakitupwi, huwekwa tu. Lakini dawa ni ile ile: mwenye kitu aseme anacho. Siku hizi mitaa mingi ina vikundi vya WhatsApp, na huko tangazo la maneno kumi linatosha. Asiye na simu ya namna hiyo amwambie mjumbe wa mtaa, au aseme baada ya sala msikitini au kanisani.

Kabla ya kutangaza, jiulizeni swali la kwanza: kitu hiki ni cha nani? Mtaona ni swali la kitoto, lakini hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mume anaona mbuzi ya kukunia nazi iko pembeni, anampa mpangaji wake. Jioni mkewe anarudi kutoka shamba, anaulizia mbuzi yake aliyokuja nayo kutoka kwao. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema kwamba ndoa peke yake haibadilishi mwenye mali. Kilichokuwa cha mke kabla ya ndoa hubaki chake, na cha mume hubaki chake. Basi ulizaneni kwanza.

Vyombo vya marehemu vinataka uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, maana nimeona wanafunzi wengi wa kisomo ni wajane, na jambo hili linawahusu. Mtu amekufa. Siku za matanga nyumba imejaa ndugu. Mmoja anasema redio ile marehemu alimwahidi. Mwingine anachukua baiskeli, ati awahi kazini kesho yake. Wa tatu anasema viti vigawiwe majirani kuwa sadaka ya marehemu. Mjane amejifunika kanga, analia, hana nguvu ya kubisha. Matanga yakianuliwa, nyumba imebaki na mkeka.

Sikilizeni vizuri. Mali ya marehemu haigawiwi kwa huruma wala kwa kelele. Kwa desturi ya mahakama zetu, ukoo hukutana, huchagua msimamizi wa mirathi, na jina lake hupelekwa mahakamani ili athibitishwe. Msimamizi huyo hukusanya mali, hulipa madeni ya marehemu, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa warithi. Tena si kila kilichomo nyumbani ni cha marehemu. Kama mjane alinunua viti kwa fedha ya vitumbua vyake, viti ni vyake, havimo katika mirathi kabisa. Nawe jirani, ukipewa kiti siku ya matanga, sema kwa upole, "Ahsanteni, kiwekeni kwanza mpaka msimamizi apatikane." Hakuna atakayekulaumu. Na hata akikulaumu, mjane hatakulaumu.

Tuje kwenye vitu vyenyewe. Viko vitu vinavyofaa kutolewa, na viko vinavyoleta maradhi.

Godoro ndilo linalohitaji macho. Kunguni hujificha katika mishono ya godoro na katika nyufa za kitanda, na huweza kuishi miezi mingi bila kula. Kwa hiyo usiseme, "Godoro hili halijalaliwa tangu mwaka uliopita, halina kunguni." Lipeleke juani, ufungue mishono kwa kidole, utazame kama kuna madoadoa meusi. Ukiyaona, usilitoe. Kitanda cha mbao chaweza kumwagiwa maji yanayochemka katika nyufa zote, kisha kikaushwe. Nguo na mashuka yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto sana. Nguo zilizotoka katika nyumba yenye upele, ambazo haziwezi kuchemshwa, zifungwe katika mfuko kwa juma zima. Vijidudu vya upele haviishi zaidi ya siku chache nje ya mwili wa mtu.

Chandarua chenye dawa ni zawadi nzuri kwa mama mwenye mtoto mchanga. Vyandarua hivi vimetengenezwa ili dawa yake ifanye kazi kwa muda wa miaka 3 hivi, kama vinatunzwa. Kifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Shona matundu kabla ya kukitoa. Kumpa mtu chandarua kilichotoboka bila kushona ni kumpa usingizi wa uongo.

Debe au chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa pamba au kahawa, usimpe mtu kabisa. Hata ukilisuuza mara kumi, debe hilo si la maji ya kunywa, wala si la mafuta ya kula. Vivyo hivyo dawa za hospitali zilizobaki. Vidonge vilivyomfaa mumeo vyaweza kumdhuru jirani. Betri ya gari iliyokwisha nguvu ina risasi na tindikali ndani yake, watoto wasiichezee. Na kama unatoa jiko la gesi, lijaribu mbele ya mpokeaji. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi wa mtaani anafanya hivyo.

Baada ya hayo, tuseme chombo ni chako na ni kizima. Utampaje mtu? Wazee walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Usambe maana yake usiseme. Mwalimu aeleze neno hilo, kwa kuwa vijana hawalijui tena. Lakini lipo neno jingine ambalo kila mtu analijua, nalo ni kusimanga. Umempa jirani meza. Siku ya pili kuku wake ameingia katika bustani yako, nawe wapaza sauti: "Na meza yangu unayolia juu yake!" Mtaa mzima umesikia. Meza ile sasa ni ghali kuliko ya dukani. Kurani katika Sura ya Bakara imeonya juu ya kuiharibu sadaka kwa masimango, na Injili ya Mathayo imefundisha kutoa sadaka kwa siri. Mimi nasema jambo dogo tu: kama unajua moyo wako hauwezi kunyamaza, bora uiuze meza kwa bei ndogo. Mtu aliyelipa hana deni.

Tena usimpe mtu kitu huku umeshika upande mmoja. Kama umetoa, kimetoka. Kama unataka kirudi, sema, "Nakuazima." Kutoa na kuazima ni maneno mawili, yaandikeni yote mawili. Nimesikia ugomvi wa kinu uliofika kwa mtendaji wa kijiji, na kosa lote lilikuwa kwamba mmoja alisema "chukua" na mwingine akasikia "chukua kabisa".

Wewe unayepokea nawe una haki zako. Una haki ya kutazama kitu kabla ya kukichukua. Una haki ya kusema, "Ahsante, bibi, lakini nyumbani sina nafasi," bila kuonekana una kiburi. Mtu mwingine hutoa kwa sababu anataka kupunguza takataka zake, na kupokea takataka si heshima. Ukishapewa, kama siku moja utataka kukiuza kitu hicho, sheria haikuzuii, kwa kuwa ni chako, lakini mwambie kwanza aliyekupa. Ni vibaya asikie sokoni.

Sasa tunafika mahali ambapo kusoma kwenu kutawafaa sana. Chukueni mfano wa mtu aliyepewa baiskeli bure na mtumishi aliyekuwa akihama. Mtumishi amekwisha kuondoka. Miezi minne baadaye polisi wanatafuta baiskeli iliyoibiwa, nayo inafanana na ile. Wanamwuliza, "Umeinunua wapi?" Anajibu, "Nilipewa." "Na nani?" "Amehama." "Una karatasi?" Hana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani mtu anayepokea mali huku akijua kuwa ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Huyu hakujua lolote baya, na baiskeli yake ni halali. Lakini huenda akalala mahabusu usiku huo, kwa kukosa mistari mitano ya maandishi.

Mistari yenyewe ndiyo hii. Mwalimu aiandike ubaoni, nanyi mwinakili polepole:

Mimi .................... wa mtaa wa ....................
nimempa .................... wa mtaa wa ....................
baiskeli moja nyeusi, namba ...................., bure, iwe mali yake.
Tarehe .................... Sahihi ya aliyetoa ....................
Sahihi ya aliyepokea .................... Shahidi ....................

Tazameni maneno "iwe mali yake". Hayo ndiyo yanayotenga kutoa na kuazima, msiyaache. Baiskeli ina namba iliyochongwa kwenye fremu; isugueni kwa kitambaa mpaka isomeke. Redio, televisheni, cherehani na simu navyo vina namba zake. Sufuria haina namba, wala haihitaji hati. Msianze kuandikiana karatasi kwa ajili ya mwiko, mtachekwa. Hati ni kwa kitu ambacho mwizi angekitamani.

Asiyejua kuandika bado aweke dole gumba, na shahidi aandike jina lake kando ya alama hiyo. Shahidi asiwe mke wala mtoto wa mpokeaji. Afadhali awe jirani wa nyumba nyingine au mjumbe. Andikeni hati mbili, kila mmoja akae na yake, msiifiche mahali penye mchwa.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi atafute kitu kimoja nyumbani kwake ambacho hakijatumika kwa mwaka mmoja. Amwulize mwenziwe wa nyumbani kwanza. Kisha aandike tangazo lisilozidi maneno kumi, kwa mfano: "Kitanda cha mtoto, kizima, bure. Uliza nyumba ya mwembeni." Matangazo yote yasomwe darasani kwa sauti, na atakayepata mpokeaji aandike hati kama tulivyoonyesha. Mwalimu anaposahihisha, aanze na tarehe, maana ndiyo inayosahauliwa mara nyingi.