TAARIFA YA TAWI: MWENZETU ANAYEPINGA KUAMBIWA SI RAIA

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Chimala. Tunayatuma kwa ambao hawakufika.*



Tumeulizwa, na wengine wameandika humu kwenye kundi kwa maneno makali: yule mwenzetu mkulima wa mpunga, aliyeandikiwa barua kwamba si raia, mbona jina lake bado lipo kwenye daftari la tawi? Kamati imekaa. Jina halitoki. Ameupinga uamuzi ule, na anayepinga hajashindwa.

Tuwakumbushe lililotokea nchini humu. Mwaka 2012 Anudo Ochieng Anudo alikwenda polisi Babati kufuatilia taratibu za ndoa yake. Wakatilia shaka uraia wake, pasi yake ya kusafiria ikabaki huko. Mwaka 2014 akakamatwa, akapelekwa mpakani na kutolewa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wa kwetu, ikamrudisha. Akakwama katikati ya nchi mbili, kule Sirari, ilhali pasi ile aliipewa na serikali yetu. Baba yake akamwandikia Waziri Mkuu. Jibu lililorudi lilishikilia uamuzi uleule. Fikirini, ndugu: mtu anatetewa huku tayari yuko nje ya mpaka. Utetezi gani huo?

Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, bila kusikilizwa na mahakama. Ilisema pia kwamba mtu akiwa na hati zilizotolewa na serikali, ni serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa si raia. Ikaiagiza nchi irekebishe sheria ili mwenye mgogoro wa uraia apate njia ya mahakama.

Wala tusidhani haya huwapata wanyonge peke yao. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyekwisha kuwa mbunge, aliambiwa si raia.

Njia ya Arusha sasa imebana. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu mwananchi kwenda mwenyewe katika mahakama ile, na mlango huo ulifungwa mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo safari yetu ni Mahakama Kuu, Mbeya. Maombi ya mapitio yana muda wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na siku zinakwenda. Tumemwambia asikae akingoja barua yake ya malalamiko ijibiwe. Barua peke yake haimzuii mtu kupakiwa kwenye gari. Wakili aombe pia utekelezaji usimame mpaka shauri lisikilizwe.

Chimala hii imejengwa na barabara ya Zambia na mpunga wa Usangu. Ni wangapi hapa babu zao walizaliwa hapahapa? Tukianza kufuta watu kwa barua ambayo bado inabishaniwa, daftari litatuishia mkononi. Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tuna desturi: kiasi kinachobishaniwa hakifutwi, kinawekwa pembeni hadi kipatiwe ukweli wake.

Uamuzi wa mwisho ukisema si raia, sheria ya vyama tunaijua na tutaifuata. Mwenyewe ameomba asigombee nafasi yoyote ya tawi kwa sasa. Tumelipokea, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Tunachohitaji wiki hii ni watu. Mzee yeyote aliyewafahamu wazazi wake, mama aliyekuwepo alipozaliwa, aliyesoma naye darasa la kwanza, amwone Katibu ili wakili aandae viapo. Mwenye kadi ya zamani ya kliniki au karatasi ya shule yenye jina lake ailete. Tutatoa nakala na kumrudishia. Michango ya nauli na wakili ipelekwe kwa Mweka Hazina, na kila mtu adai risiti yake. Na humu kwenye kundi, tafadhali, asiitwe tena "mgeni".

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati, Chimala.*