Meza ya Chakula Isiyobeba Mzigo



Nyumba nyingi hapa Voi zina meza moja tu. Mtoto huandikia hapo kazi ya shule, simu huchajiwa hapo, na jioni ugali huliwa hapo hapo. Meza kama hiyo haihitaji kuongezewa mapambo. Inahitaji kupunguziwa: maua ya plastiki, chupa tupu, na kile kitambaa cheupe ambacho vumbi jekundu la Voi hukimaliza kabla ya saa sita.

Vibaki vitu vitatu au vinne, wala si lazima vifanane. Viti vya fundi wa mtaani hukaa vizuri na benchi la zamani la nyanya. Sufuria ya kimanga katikati. Pembeni, ndizi za Taveta ndani ya kikapu cha mkonge.

Kikapu hicho ndicho hasa cha kuzungumzia. Akina mama wa Kasigau husokota mkonge, huutia rangi na kuusuka kwa mkono siku nyingi, na vikapu vyao hufika hadi ng'ambo. Lakini mkazi wa kaunti hii hii hununua bakuli la plastiki dukani bila kubishana, kisha akimkuta mama na kikapu chake anataka apunguziwe nusu. Si haki. Bei hiyo ni karo ya mtoto wa mtu.

Anayeweza, anunue kwa aliyekisuka, si kwa dalali. Kikapu kikimwagikiwa mchuzi kisiloweshwe. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kikaukie kivulini, maana jua kali hufifisha rangi.