Kuuziana Kituo cha Mafuta na Duka la Gesi: Mada kwa Wasaidizi wa Kisheria wa Kibera na Kawangware



Niliombwa nianze na ufafanuzi, nami nitaupita mbio. Kampuni ya mafuta ndiyo yenye nembo, wakala ndiye anayeendesha kituo, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutoa leseni chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Leseni hiyo haihamishwi bila idhini yake. Hayo mnayajua.

Shida yangu ya miaka mingi ni gudwili, yaani pesa anayolipwa muuzaji kwa ajili ya wateja na sifa ya biashara. Wakala aliyechoka hupata mnunuzi na pesa hulipwa. Siku ya makabidhiano wawili hao huteremsha kijiti cha kupimia ndani ya tangi, huandika lita zilizobaki na kusoma mita za pampu. Kisha kampuni inaandika barua: huyu mpya hatumjui, atoke. Muuzaji naye hapokei simu.

Mnunuzi akifika ofisini kwangu huuliza kuhusu Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka. Sheria hiyo ya 1965 humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Haondolewi bila notisi rasmi, na anaweza kulalamika mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Kampuni zinaijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana mikataba mingi huitwa leseni ya kuendesha kituo, ya mtu binafsi, na husema wazi kwamba wakala si mpangaji. Kesi hugeuka kuwa ubishi wa kama kweli ni leseni au ni upangaji uliofichwa, na huku kesi ikisubiri, pampu zimefungwa.

Nitasema kwa heshima, kwa kuwa wenzangu wengine huzishauri kampuni hizi. Kampuni zenyewe huuzwa bila kikwazo hicho. Mwaka 2009 Total ilinunua Chevron Kenya, yenye vituo vya Caltex. Mwaka 2019 Rubis ilinunua KenolKobil. Kinachouzwa hapo ni hisa. Kisheria kampuni iliyotia saini ni ile ile, kwa hiyo hakuna mkataba uliohamishwa, na wakala huamka akiwa na bosi mpya. Lakini wakala akisajili kampuni yake na kuuza hisa zake, hukuta kifungu kinachosema kuuza hisa ni kuhamisha mkataba. Mlango ule ule, kwake umefungwa.

Mashimoni, kijiji cha Kibera, mambo huwa madogo zaidi, na mabaya zaidi. Duka la gesi huuzwa kwa maneno, pengine mbele ya mzee wa kijiji. Tangu kanuni za gesi za 2019, muuzaji wa gesi anahitaji idhini ya mwenye nembo, na mtungi ni mali ya mwenye nembo. Kibanda ni cha mwenye ploti, ambaye mara nyingi hana hati ya ardhi. Mnunuzi amelipia wateja, basi.

Napendekeza asilipe mtu gudwili kabla ya barua ya idhini ya kampuni. Napendekeza pesa ziwekwe kwa wakili hadi leseni ya EPRA itoke kwa jina la mnunuzi. Mkataba wa wakala na kampuni usomwe kabla ya bei kutajwa, hasa kifungu cha kuhamisha. EPRA nayo ifikirie kuzitaka kampuni zijibu maombi ya uhamisho kwa maandishi, ndani ya muda maalumu, zikitoa sababu. Kwa maduka ya gesi, mwenye ploti atie saini pia. Na narudia, idhini kwanza, gudwili baadaye, hata kama muuzaji ni shemeji yako.